Pombe ya Bwera Haingoji Kesho

Msafiri atokaye Fort Portal huuingia mji wa Kasese kutoka kaskazini, huku milima ya Rwenzori ikiandamana naye upande wa kulia safari nzima. Mara nyingi havioni vilele vyake, kwani mawingu huvifunika karibu mchana kutwa, na kilele cha Margherita, ambacho kwa urefu wake wa mita 5,109 ni cha tatu katika bara zima la Afrika, hujionyesha kwa wachache wenye bahati. Lakini maji ya milima hiyo humwonekania kila mtu. Mito hushuka kwa kishindo kutoka mabondeni, na mmojawapo, Nyamwamba, ulifurika tarehe 1 Mei 2013 na tena mwezi wa Mei 2020, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Wenyeji wa Kasese huyatazama mawingu ya mlimani kwa namna mbili: kwa shukrani na kwa hofu.

Mji wenyewe umekaa uwandani, mahali pa joto na vumbi. Jina lake lilijulikana mbali kwa sababu ya shaba. Reli kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956, ili kuyachukua madini ya Kilembe yaliyokuwa yakichimbwa umbali mfupi tu juu ya mji, nayo yakapelekwa Jinja kuyeyushwa. Kazi hiyo ilififia katika miaka ya 1970 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Treni hazifiki tena Kasese. Lakini mji uliokuzwa na mshahara haupotezi upesi tabia zake, na mojawapo ya tabia hizo ni kupenda bia ya chupa. Jioni, katika baa za mjini, meza hujaa bidhaa za viwanda viwili vikubwa vya nchi: Uganda Breweries ya Port Bell, iliyoanzishwa mwaka 1946, na Nile Breweries ya Jinja, iliyoanzishwa mwaka 1951.

Katika baa mojawapo niliwakuta vijana wawili, waongozaji wa watalii wapandao mlima, wakisimulia habari za bia ya aina nyingine kabisa. Mmoja alikuwa ameionja Kampala. Alisema kwamba siku hizi wapo watu wanaopika bia kidogo kidogo katika viwanda visivyozidi ukubwa wa ghala, kila mmoja kwa mtindo wake, na kwamba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa eli nyepesi yenye rangi ya dhahabu. Bei yake, akasema, ingetosha kununua chupa mbili za bia ya kawaida.

Mzee mmoja, mstaafu wa Kilembe, alikuwa akisikiliza kutoka meza ya jirani. Akageuza kiti chake.

“Wanangu,” alisema, “pombe nyepesi yenye rangi ya dhahabu ipo Bwera. Haina chupa wala karatasi ya jina. Nendeni Ijumaa, siku ya soko.”

Vijana walicheka kwa heshima. Mimi niliuliza njia.

*Rangi ni kazi ya moto*

Kabla hatujafika Bwera, yafaa nimweleze msomaji hiyo eli ni kitu gani, maana neno hili ni geni katika mazungumzo yetu. Bia za shayiri zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni laga, ambayo huchacha polepole katika baridi, na hamira yake hufanya kazi chini ya chombo. Karibu bia zote za chupa tuzijuazo Afrika Mashariki ni za kundi hili. Kundi la pili ni eli, ambayo ni ya zamani zaidi. Hiyo huchacha upesi katika joto la kawaida, na hamira yake hupanda juu na kufanya utando mzito wa povu.

Kwa karne nyingi eli za Uingereza zilikuwa za rangi ya kahawia. Kisha, mwaka 1842, mpishi wa bia aitwaye Josef Groll alitengeneza laga ya rangi ya dhahabu katika mji wa Pilsen, nchi ya Bohemia, na rangi hiyo ikaiteka dunia. Hata Waingereza wenyewe walianza kuiacha eli yao. Ndipo katika miaka ya 1980 baadhi ya viwanda vidogo vya nchi hiyo vilipotafuta njia ya kuwarudisha wanywaji. Eli iliyoitwa Exmoor Gold, iliyotoka mwaka 1986, ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Ilikuwa na wepesi na rangi ya laga, lakini ikachachishwa kwa namna ya eli, na harufu yake ilikuwa kama ya matunda. Mtindo huo ndio uliomfikia kijana wetu wa Kasese.

Rangi hiyo haipatikani kwa kutia kitu. Hupatikana kwa moto. Kimea cha shayiri kikikaushwa kwa moto mkali huwa cheusi, na bia yake huwa nyeusi. Kikikaushwa kwa moto wa upole hubaki cheupe, na bia yake hung'aa kama dhahabu. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa sababu tutalikuta tena jikoni kwa mama mmoja wa Bwera ambaye hajapata kuiona shayiri.

*Njia ya kwenda mpakani*

Kutoka Kasese barabara huelekea kusini kama kilometa 20 hadi Kikorongo, ambako unaukaribia mstari wa Ikweta. Hapa umeingia katika ardhi ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Upande wa mashariki liko ziwa George. Kusini-magharibi liko ziwa Edward, na karibu nalo kijiziwa cha Katwe, ambacho chumvi yake imeuzwa katika nchi hizi tangu enzi za mababu. Nyasi ni fupi, miti ni michache, na dereva hupunguza mwendo, si kwa ajili ya polisi, bali kwa ajili ya tembo.

Kikorongo barabara hugawanyika. Tawi la magharibi huiacha mbuga na kuyarudia mapaja ya milima, na nchi hubadilika mbele ya macho. Mihogo hutokea kwanza, halafu kahawa, halafu migomba, na nyumba huongezeka. Utapita Kisinga na hospitali ya Kagando, na baada ya hapo utaanza kusikia Kiswahili kikiongezeka ndani ya gari. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu, na lugha zao husikilizana. Mpaka uliowatenganisha uliwekwa kwa makubaliano ya wakoloni Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, lakini ndoa, soko na misiba havikupata kuutii sana. Wafanyabiashara wanaotoka mbali zaidi huongeza Kiswahili juu ya lugha hizo, na hivyo mgeni atokaye Tanzania hawezi kupotea.

Bwera ni mji wa mwisho kabla ya forodha ya Mpondwe. Mto Lhubiriha uko mbele, na ng'ambo yake ni Kasindi, nchi ya Kongo. Soko la mpakani hufanyika Jumanne na Ijumaa. Siku hizo watu huvuka tangu alfajiri, wengine na mafuta ya mawese, wengine na maharagwe, samaki wakavu, vitenge na sabuni. Barabara yote huwa vichwa na mizigo. Na katika vichochoro nyuma ya barabara hiyo, chini ya mapaa ya mabati, hukaa wale wanaouza pombe ya ndizi.

*Jikoni kwa mama*

Pombe ya ndizi ina majina mengi katika nchi zetu. Kagera huitwa rubisi. Rwanda huitwa urwagwa. Kivu huitwa kasiksi. Uganda ya magharibi huitwa tonto. Mama aliyenikaribisha huiita vyovyote mnunuzi atakavyo, ila hamruhusu mtu kuiita chafu. Nyumba yake iko juu kidogo ya mji, na nyuma yake lipo shamba la migomba na kahawa lililopanda mlima. Nilifika kwake siku ya Jumanne, ili niione kazi tangu mwanzo.

“Karibu, baba,” alisema. “Leo tunafukua.”

Ndizi zilizofukuliwa si zile za kupika. Ni aina ya pombe, fupi na nene, ambayo Waganda huiita kayinja. Zilikuwa zimezikwa siku tano katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa moshi wa moto mdogo kwa njia ya mfereji ubavuni. Ziliingia kijani kibichi, zikatoka za manjano na laini, na harufu yake ikavuta nyuki kutoka pande zote.

Zikamenywa, zikatiwa katika mtumbwi mfupi wa mti pamoja na matita ya nyasi kavu zenye makali, nao vijana wawili walioosha miguu yao kwa sabuni wakaanza kuzikanyaga. Mgeni atadhani kwamba nyasi ni uchafu uliosahauliwa. Kumbe ndizo zinazofanya kazi. Ndizi mbivu ikipondwa peke yake huwa uji mzito usiotoa maji. Ikisuguliwa na nyasi, nyama yake hushikamana na nyasi na maji yake hujitenga, safi na matamu. Baada ya nusu saa hivi juisi ilianza kutiririka kwenye ncha ya mtumbwi. Watoto walisogea na vikombe, maana juisi hii kabla ya kuchacha ni haki yao.

Kisha mama alitia maji kwa kipimo anachokijua mwenyewe, akaleta mtama. Alikuwa ameukaanga katika chungu na kuusaga. Hapa ndipo nilipolikuta lile jambo la moto. Jirani zake, alinieleza, huukaanga mtama mpaka uwe kama kahawa, na pombe yao huwa nyekundu yenye ladha nzito. Yeye huutoa motoni mara tu unapoanza kunukia.

“Ukiuchoma mtama,” alisema, “umeichoma ndizi pia. Sitaki mtu anywe moshi wangu.”

Mtama huo ndio uletao hamira, maana vijidudu vya hamira hukaa juu ya punje zake. Ndio uletao povu, na ndio uletao sehemu kubwa ya rangi. Mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba, juu yake magunia ya kutunza joto, na mama akasema hautafunguliwa mpaka Alhamisi usiku.

*Kuionja*

Ijumaa asubuhi, saa mbili, kata ya kwanza ilichotwa. Mama alinipa kikombe changu peke yangu. Zamani, alisema, kibuyu kimoja kilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Lakini mwezi wa Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wakahudumiwa hapa Bwera, alinunua vikombe dazeni mbili na ndoo ya maji yenye bomba, na tangu hapo hajarudi nyuma.

Ukiitazama pombe hiyo kwenye mwanga, utaona rangi ya asali mpya. Haiwi angavu kama bia ya kiwandani, kwa kuwa haikuchujwa kwa mashine, na utusitusi mwepesi kama ukungu hubaki ndani yake. Povu lake ni jeupe na la muda mfupi. Ukiinusa, kwanza itakujia ndizi, halafu kitu kama karafuu, halafu mkate wa moto. Mdomoni huanza na utamu ambao haukai. Kabla hujaumeza umeshageuka kuwa ukali mdogo wa limau, na mwisho mtama huacha ladha kavu inayokufanya utake funda jingine. Haina uchungu wa bia. Vijipovu vyake huchoma ulimi kidogo sana, kama kumbusho.

Ni pombe nyepesi mdomoni, lakini asidanganyike mtu. Eli ya dhahabu ya Uingereza aghalabu huwa na kilevi cha asilimia 4 au 5. Pombe ya ndizi, kwa jinsi ilivyochachishwa na kwa maji yaliyotiwa, huweza kufika hapo na kupita. Wazee wa Bwera hunywa wakiwa wameketi, polepole, na sahani ya mihogo karibu.

“Wasingya,” nilimwambia mama, yaani ahsante, kwa Kikonzo nilichojifunza garini. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili kwamba shukrani ni kumaliza kikombe.

*Kwa nini haiwezi kungoja*

Ukimwuliza mpishi yeyote wa pombe ya ndizi ni tatizo gani kubwa katika kazi yake, hatakutajia kuni, wala maji, wala wanywaji wasiolipa. Atakutajia siku. Pombe iliyo tayari Ijumaa asubuhi ni tamu Ijumaa, ni kali Jumamosi, na Jumapili ni siki.

Sababu yake inajulikana. Mpishi wa bia ya shayiri huichemsha juisi yake kabla ya kuchacha, na kuchemsha huua vijidudu vya uharibifu. Tena huichemsha pamoja na hopsi, maua ya mmea wa nchi za baridi, ambayo huleta uchungu na huzuia vijidudu visizaliane upya. Mwisho huifungia katika chupa au pipa, mbali na hewa. Pombe ya ndizi haikupita katika milango hiyo mitatu. Haikuchemshwa, haina hopsi, na imelala katika mtumbwi ulio wazi. Hamira ikimaliza kazi yake, vijidudu vya siki hupokea zamu.

Wazee wetu hawakukosa maarifa katika jambo hili. Wachaga wa Kilimanjaro huchemsha ndizi za mbege, wakachanganya na kimea cha ulezi, na wengi hutia gome la mti uitwao msesewe, ambalo ni chungu kama kwinini. Lakini mbege nayo ni pombe ya siku chache. Hakuna aliyeona haja ya kuiweka mwezi mzima, kwa kuwa pombe ilipikwa kwa ajili ya jambo fulani: ndoa, msiba, kulima kwa ushirika, kulipa faini ya wazee. Siku ilijulikana, na watu walijulikana. Ugumu umeanza pombe ilipokuwa bidhaa. Bidhaa hutegemea mnunuzi, na mnunuzi hutegemea hali ya hewa.

*Mvua ya Ijumaa*

Ijumaa ile mvua ilianza saa nane na nusu mchana. Ilishuka kutoka mlimani kama pazia, na kwa dakika chache soko lote lilikuwa limekimbilia chini ya mapaa. Watu wa Kongo walikimbilia forodhani wapate kuvuka kabla mto haujajaa. Mama alikuwa ameuza madumu matatu. Mawili yalibaki, kila moja la lita 20.

Mvua ilipopungua, kijana mmoja alifika kwa pikipiki yenye madumu matupu. Yeye ni mnunuzi wa pombe iliyobaki. Huikusanya kwa bei ya chini kutoka kwa akina mama na kuipeleka bondeni, ambako huchemshwa katika mapipa na mvuke wake hukenekwa kwa bomba la shaba. Kitokacho huitwa waragi, ndugu wa gongo letu. Waragi haiharibiki. Hukaa mwaka mzima, hubebwa mfukoni, na huuzwa kwa kikombe kidogo kwa mtu asiye na nauli ya kurudi nyumbani. Sheria ya mwaka 1965 iliagiza kwamba mkenekaji awe na leseni, lakini mabonde ni mengi kuliko leseni. Na si kilevi chake tu kiletacho hatari. Mwaka 2010, huko Kabale, makumi ya watu walifariki baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, sumu ambayo jicho haliwezi kuitambua.

“Mama,” alisema yule kijana, “kesho kutwa hii ni siki. Nipe zote mbili.”

Mama hakumjibu mara moja. Jumatatu binti yake alitakiwa shuleni na karo. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa na kaka. Kaka huyo alianza kwa kata, akaishia kwa kikombe kidogo, na amezikwa pale chini ya mparachichi. Kila dumu alitoalo kwa mwenye pikipiki, alisema, anajua linakokwenda.

Alimwuzia moja. La pili alilirudisha ndani.

*Kazi ya Jumamosi*

Sababu ya kulirudisha niliiona asubuhi yake. Jirani sita walifika na mapanga na majembe, wakaingia katika shamba la migomba. Kwenye kona ya juu majani ya migomba kadhaa yalikuwa yamegeuka manjano na kuvunjika kama miavuli iliyochakaa. Ndizi zake zilikuwa zimeiva kabla ya wakati, nusu tu ya mkungu, na alipokata moja mama alinionyesha kahawia ya uozo ndani ya nyama. Penye jeraha la shina palitoka ute wa manjano.

Huo ndio mnyauko, ugonjwa ambao wasomaji wetu wa Kagera wanaujua tangu ulipoingia mkoani humo mwaka 2006. Uganda uliutambua mwaka 2001, katika wilaya ya Mukono, na umepita karibu nchi nzima. Huambukiza ndizi za kila aina, lakini umeelemea zaidi ile ya pombe, kayinja. Kayinja huangusha magamba ya lile ua jekundu lining'inialo chini ya mkungu, na kila gamba huacha kidonda chenye utomvu. Nyuki na wadudu wengine hutua hapo wakitoka kwenye mgomba mgonjwa, wakauacha ugonjwa katika mgomba mzima. Panga la mkulima hufanya vivyo hivyo.

Dawa ya kupuliza haipo. Ipo kanuni, na nitaiandika hapa kama nilivyoiona ikitendwa, kwa faida ya kila mwenye migomba. Ua la chini ya mkungu huvunjwa mara tu kichana cha mwisho kinapotokea, tena huvunjwa kwa mti wenye panda, si kwa panga. Mgomba unaoonyesha dalili hukatwa usawa wa ardhi mara unapoonekana. Panga likishakata mgomba mmoja hupitishwa motoni mpaka liwe la moto kabisa, au huoshwa kwa dawa ya klorini, ndipo likaguse mgomba wa pili. Machipukizi hayachukuliwi kutoka shamba lenye ugonjwa, hata kama ndugu ndiye atoaye. Na mbuzi hawaachwi kuzurura na kutafuna kutoka shamba hadi shamba.

Wale jirani walifanya kazi hadi saa sita. Moto mdogo uliwashwa katikati ya shamba, na kila mtu alirudi kwake kulitia panga lake makali ya moto. Migomba 19 iliangushwa. Walipomaliza walinawa, wakaketi kivulini, na lile dumu likatolewa. Pombe ilikuwa imekwisha kuwa kali kuliko jana, na rangi yake imefifia kidogo, lakini hakuna aliyelalamika. Hiyo ndiyo bei ya kazi ya jirani katika nchi hii, na hailipiki kwa waragi, kwa sababu anayekunywa waragi saa sita hatashika jembe saa tisa.

*La kufanya*

Yule kijana wa Kasese alikuwa sahihi kuisifu eli ya Kampala. Ni kazi ya mikono, na mikono yastahili malipo. Ila malipo hayo yanapatikana kwa sababu mpishi wake ana vitu viwili ambavyo mama wa Bwera hana: moto unaochemsha kiasi kikubwa na chombo kinachofunga. Kimea na hopsi za mpishi huyo husafirishwa kutoka mbali. Ndizi na mtama vya mama viko nyuma ya nyumba. Uganda imekwisha kuona kwamba mtama waweza kusimama badala ya shayiri, kwani tangu mwaka 2002 Nile Breweries imekuwa ikitengeneza bia ya mtama iitwayo Eagle, kwa mtama unaonunuliwa kwa wakulima wa nchi hiyo.

Wakulima wa wilaya ya Kasese si wageni wa ushirika. Pamba yao ilikwenda kwa miaka mingi katika chama kikuu cha Nyakatonzi, na kahawa ya mapaja ya Rwenzori huuzwa nje kupitia vyama vyao wenyewe. Sufuria kubwa moja, chupa zinazorudishwa, na mtu mmoja aliyefunzwa kuipasha moto pombe ndani ya chupa zilizofungwa bila kuiharibu ladha, ni vitu ambavyo akina mama 20 wakichanga wanaweza kuvifikia. Pombe ikiweza kungoja wiki mbili, mvua ya Ijumaa haitakuwa tena mshirika wa mwenye pikipiki. Nilimwuliza mama kama angejiunga na jambo la namna hiyo. Alisema angejiunga, kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayemfundisha kukaanga mtama.

Msomaji atakayepata safari ya upande ule na afike Bwera siku ya Ijumaa, na afike mapema. Apande kichochoro cha nyuma ya soko, aulize pombe ya mtama usioungua. Aketi, anawe mikono, aombe kikombe chake. Na amalize kabla ya saa nane, maana mawingu ya Rwenzori hayana saa, na pombe ile haingoji kesho.